Ufunguo wa Bomba la Nje: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Viwanja vya Watoto Wadogo

Kwa wakuu wa shule za awali, wenye vituo vya kulelea watoto, wajumbe wa kamati za shule, na maofisa wanaopitisha ramani na bajeti za majengo hayo.

YAH: BUSTANI YA KUCHEZEA NA KUJIFUNZIA ISIYOSUBIRI BAJETI

Ndugu wasimamizi,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa watoto wa miaka mitatu hadi sita. Nikifika shule ngeni sianzi na madarasa. Nazunguka nyuma kwanza. Darasa linaweza kupakwa rangi wiki ya ukaguzi, uwanja hauna rangi ya kupakwa. Na ninachokikuta huko hakinishangazi tena: ardhi iliyofagiliwa kila siku hadi imekuwa ngumu kama sakafu, mtelezo wa plastiki uliopasuka tumboni, bembea iliyobaki na mnyororo mmoja, na kibao kinachowaambia watoto wasiojua kusoma kwamba wasikanyage majani.

Shule moja niliyowahi kufundisha ilinunua mtelezo wa namna hiyo. Siku ya kuuzindua tulipiga picha. Kwa miezi kadhaa watoto walikuwa wakipanga foleni, wakisubiri dakika kumi ili wateleze sekunde tatu, kisha wakimbie kurudi mwisho wa foleni. Halafu ngazi ikavunjika. Tukauzungushia kamba, na kamba hiyo ikakaa pale miaka miwili. Kila nilipouliza, nilijibiwa kwamba fungu la ukarabati bado.

Katika miaka hiyo miwili watoto walihamia kwenye rundo la mchanga. Hakuna aliyelinunua kwa ajili yao. Lilikuwa limebaki baada ya mafundi kumaliza kujenga choo. Walilichimba, walilipanda, walilitoboa mahandaki, walizika viatu na kuvifukua. Watoto waliokuwa wakigombana kwenye foleni ya mtelezo walikaa pale nusu saa bila kuniita. Kisha siku moja nikakuta rundo limezolewa kwa toroli. Mgeni alikuwa anakuja, na mtu wa ofisini alikuwa ameona panaonekana pachafu.

Barua hii inatokana na lile rundo la mchanga.

Kwa muda mrefu tumezilaumu fedha. Nami nimezilaumu, tena mbele yenu, kwenye vikao. Siku hizi naona tulichonyimwa zaidi ni ruhusa: ruhusa ya kuchimba, ya kumwaga maji, ya kuhamisha vitu kutoka hapa kwenda pale, ya kurudi darasani na magoti yenye udongo. Ruhusa hiyo ikiambatana na mtu mmoja aliyekabidhiwa uwanja kwa jina, sehemu kubwa ya bustani ninayoizungumzia inajengwa kwa vitu ambavyo sasa hivi vimerundikwa nyuma ya stoo yenu.

Msidhani ni wazo la juzi. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, ndiye aliyeipa jina la bustani ya watoto, kwa Kijerumani Kindergarten, mwaka 1840, na hakuwa akisema kwa mafumbo tu. Alitaka kila mtoto awe na kitalu chake kidogo cha kulima, na kando yake vitalu vya wote. Jina likaenea duniani, vitalu vikabaki njiani. Sisi tunasema chekechea, nami kila nikilitamka neno hilo nasikia chekeche, chombo cha kuchekechea mchanga. Mchanga wenyewe ndio tuliouzoa kwa toroli.

Mwaka 1914, huko Deptford, mtaa wa watu maskini jijini London, akina dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, walifungua shule ya watoto wadogo ambamo bustani ndiyo ilikuwa darasa na vibanda vilikuwa vya kujikinga tu. Mwaka 1943, Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, msanifu wa bustani C. Th. Sørensen alisaidia kufungua kiwanja katika eneo la Emdrup kilichojaa mbao, matofali na vyuma chakavu vya kujengea. Alikuwa ameona kwamba watoto walivipita viwanja vilivyotengenezwa kwa ajili yao wakaenda kucheza kwenye maeneo ya ujenzi. Nilipolisoma hilo nililikumbuka rundo langu. Amsterdam nako, kuanzia mwaka 1947, msanifu majengo Aldo van Eyck alianza kujaza viwanja vilivyobaki wazi kwa shimo la mchanga, mawe ya kurukia na vyuma vichache vya kupandia. Hadi mwaka 1978 alikuwa ametengeneza viwanja zaidi ya 700. Mji uliokuwa umetoka vitani ulianza na shimo la mchanga. Nasi tunasubiri mtelezo.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, maana najua swali lenu la kwanza ni "tuanzie wapi?"

Msianze kwa kununua chochote. Kaeni kwenye kiti nje kwa asubuhi mbili na mwangalie watoto wanapita wapi. Mtaona vijia walivyovichonga wenyewe kwa miguu, kona wanayojificha, ukuta wanaouegemea jua likipanda. Bustani ifuate vijia hivyo. Nimeona ramani nzuri sana zenye maua katikati ya njia ya mbio za watoto, na maua hayo hayakumaliza mwezi.

Kivuli ndicho cha pili, na mimi ningekiweka mbele ya mchezo wowote. Chuma na mpira mweusi vikipigwa na jua vinaunguza ngozi ya mtoto kweli kweli, na uwanja usio na kivuli unatumika saa moja tu ya asubuhi. Pandeni miti leo, lakini msiisubiri. Nguzo nne na turubai lililokazwa vizuri vinatosha kwa kuanzia, na mmea wa kutambaa ukiupandisha kwenye fremu ya fito utakupa kivuli ndani ya msimu mmoja. Kama eneo lina mti mkubwa tayari, tafadhali mwambieni anayechora jengo jipya auzunguke. Mti uliokwisha kukua hakuna bajeti inayoweza kuununua.

Halafu mchanga. Hapa mniwie radhi nikae kidogo.

Chimbeni shimo la hatua tatu kwa tatu, kina chake kisipungue sentimita 30, na chini mwage kokoto ili maji ya mvua yapate pa kwenda; shimo lisilotoa maji linageuka dimbwi linalonuka. Kingo ziwe za magogo yaliyolazwa, maana hapo ndipo watoto watakapokaa, watakapopanga vyungu vyao vya udongo na watakapofanyia biashara zao. Mchanga uwe uliooshwa, usiotimua vumbi. Uwekeni kivulini na jirani na maji, kwa kuwa mchanga mkavu haufinyangiki, unamwagika tu, na mtoto anauchoka haraka. Jioni ufunikeni kwa turubai au wavu, la sivyo paka wa jirani wataufanya choo, na kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya magonjwa. Asubuhi upitishwe reki kutafuta vioo na vijiti vyenye ncha. Watoto wenyewe huipenda kazi ya reki, lakini mtu mzima apite kwanza.

Udongo mliouchimba msiutupe. Urundikeni kando, mshindilie, mpande nyasi: mmepata kilima. Kilima cha kimo cha mtu mzima kiunoni kinatosha mtoto kukipanda kwa mikono na miguu, kubingirika, na kusimama juu akaona paa la darasa kwa namna ambayo hajawahi kuliona. Na ule mtelezo, siku mkiupata, ulazeni juu ya mteremko wa kilima hicho. Mtoto akichepuka anaangukia nyasi, hana kimo cha kuanguka kutoka juu.

Maji ndiyo yanayowatisha wengi wenu, nami naelewa. Lakini sijaona kitu kinachofundisha zaidi kwa gharama ndogo. Chukueni bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, chupa zilizokatwa kitako, ndoo mbili, na mbao ya kuvifungia ukutani kwa kamba. Siku moja nilikuwa nimekaa kando ya mfereji wa namna hiyo. Wasichana wawili, mmoja ana miaka minne na mwenzake hajafika mitano, walikuwa wakimimina maji upande mmoja na maji yanawarudia miguuni. Mkubwa akasema, "Maji hayataki kwenda kule." Wakajaribu kumimina kwa nguvu. Yakawarudia. Mdogo akaondoka, nikadhani amechoka. Akarudi amekumbatia tofali kifuani, akalisukuma chini ya ncha waliyokuwa wakimiminia, akamimina. Maji yakaenda. Akamtazama mwenzake akasema, "Sasa yanataka."

Ningeweza kuandika ubaoni neno "mteremko" mwaka mzima nisipate hilo. Na mtaona kwamba hakuna aliyewaelekeza. Niliuma ulimi ili nisiwaelekeze, na kuuma ulimi ni nusu ya kazi ya mwalimu wa nje.

Tofali lile ni mfano wa kitu ambacho bustani haiwezi kukikosa: vitu visivyofungwa popote. Mtelezo una jibu moja, utateleza. Ubao wenye urefu wa hatua mbili unaweza kuwa daraja, meza, mizani, kitanda cha mgonjwa au kaunta ya duka, na kabla ya mchana unakuwa vyote hivyo. Tena ubao mrefu mtoto mmoja hawezi kuubeba, lazima aombe msaada, na hapo utasikia mazungumzo ambayo darasani tunayatafuta kwa kurunzi: "Wewe shika huku. Usiachie. Subiri kwanza." Kusanyeni mbao zilizopigwa msasa, vipande vya magogo, kreti, makopo yasiyo na makali, vitambaa vikubwa, kamba fupi, mawe laini, makokwa, magamba ya konokono wa baharini mkiyapata. Sufuria chakavu na miko vikikaa juu ya meza ya mbao karibu na udongo na maji, mna jiko la matope. Sufuria zilezile zikitundikwa kwenye uzio na vijiti viwili, mna bendi, ingawa hiyo iwekeni mbali na dirisha la ofisi, kwa faida ya pande zote mbili. Wekeni sanduku kubwa lenye mfuniko la kuvihifadhia, maana visipokuwa na makazi vitazagaa, na vikizagaa mtu ataviita takataka na toroli litarudi.

Mimea nayo ina siasa zake. Watu hupenda kupanda mapambo pembeni na kuwaambia watoto waangalie kwa macho. Mtoto wa miaka mitatu anaangalia kwa mikono. Mpe mbegu kubwa ambazo vidole vyake vinaweza kuzishika moja moja: maharage, alizeti, maboga. Zinaota ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi, na huo ndio mwisho wa subira ya umri wake. Nilikuwa na mvulana aliyepanda maharage Jumatatu, na kila asubuhi akawa anayafukua kuona kama yameota. Bila shaka hayakuota. Sikumkataza. Nilimpa chupa ya plastiki angavu, tukaweka karatasi yenye unyevu kwa ndani na maharage matatu kati ya karatasi na chupa, ili achungulie bila kufukua. Mzizi ulipotokeza aliibeba chupa ile darasa hadi darasa. Na yale ya kitaluni, yalipoachwa yapumue, yalitoka ardhini yamevaa ganda kichwani, naye akatangaza kwamba maharage yake yana kofia.

Vitalu viwe vyembamba. Kikizidi sentimita 70 mtoto hafiki katikati, atakanyaga, na ninyi mtamgombeza kwa kosa la fundi. Kama eneo liko jirani na barabara kuu ya zamani, gereji au jengo kuukuu lililowahi kupakwa rangi zenye risasi, msilime moja kwa moja kwenye ardhi hiyo. Inueni kitalu na mjaze udongo safi. Kona moja ya harufu, yenye mnanaa, mrehani na mchaichai, inatosha kuwafundisha kufikicha jani na kunusa. Kona nyingine muiache bila kufyekwa sana, mlaze gogo linalooza. Chini ya gogo hilo kuna jongoo, minyoo na siafu wa kuwaogopa kidogo, na hakuna kitabu cha picha kitakachoshindana nalo. Fito zikiinamishwa na kufungwa pamoja juu, maharage yakapandishwa kwake, mnapata pango la majani ambamo mtoto anayelemewa na kelele za wenzake anaweza kukaa peke yake. Kila uwanja una mtoto wa namna hiyo. Mahali pa kujificha panapoonekana na mwalimu lakini hapaonekani na wenzake ni kitu cha thamani sana kwake.

Njia kuu iwe ngumu na pana ya kutosha kiti cha magurudumu, na sehemu ya mchanga au udongo iinuliwe mezani ili mtoto aliyekaa kwenye kiti hicho aifikie bila kubebwa. Hilo lifanyike tangu mwanzo; kuja kubomoa baadaye ndiko kunakogharimu.

Najua mnaniwazia: na wakiumia?

Wataumia kidogo. Magoti yatachunika. Mimi nazitenganisha hatari za uwanjani mafungu mawili. Kuna hatari ambayo mtoto anaiona na kuipima: gogo ni refu, kilima ni kikali, jiwe linateleza. Hiyo anaihitaji, ndimo anamojifunza mwili wake unaweza nini. Na kuna mtego ambao hauoni. Mitego ndiyo kazi yetu sisi watu wazima, na hapo sitaki mzaha hata kidogo.

Maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kuzamisha mtoto mdogo, kwa hiyo ndoo na mabeseni yanamwagwa yote mchezo ukiisha, na hakuna bwawa wala pipa lililo wazi. Matairi ya zamani yanapendwa kwa sababu yanapatikana bure, lakini yanatunza maji ya mvua na mbu huzaliana humo. Yatobolewe chini, yale yanayotoa nyaya za chuma yakataliwe, na yasitumike kwa mimea ya kula. Nguzo kuukuu za umeme na mbao zilizotiwa dawa za zamani msizipokee hata mkipewa kwa upendo. Baadhi zina kriosoti au aseniki, ambazo ni sumu. Nafasi kati ya vyuma au mbao za kupandia, ikiwa kati ya sentimita 9 na 23 hivi, inaweza kupitisha mwili wa mtoto ikanasa kichwa chake. Pimeni kwa rula, msikadirie kwa macho. Chini ya kitu chochote cha kupandia paweko mchanga au vipande vya mbao vya kina cha kutosha, kamwe pasiwe zege. Mnyonyo, oleanda, mnyaa na tarumbeta la malaika havina nafasi katika bustani ya watoto, hata kama vimekuwapo miaka na vinapendeza langoni. Na kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza, mtu azunguke uwanja akiangalia misumari, nyoka, vioo na kamba iliyolegea. Nimeshafanya mzunguko huo kwa miaka, hauchukui muda wa kunywa kikombe cha chai.

Swali la afya limekwisha kujibiwa na wenye taaluma kuliko mimi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, na kati ya hizo 60 ziwe za kumtoa jasho. Hesabuni ratiba zenu muone ni ngapi. Kule Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza dakika 40 za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, na katika shule ambazo hazikubadilisha kitu walikuwa asilimia 39.5. Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulieleza jinsi walivyotandaza udongo wa msituni na nyasi kwenye viwanja vya vituo vya kulelea watoto. Ndani ya siku 28 tu, bakteria wa ngozini mwa watoto hao waliongezeka aina, na vipimo vya damu vikaonyesha mabadiliko mazuri katika kinga ya mwili. Ule udongo tunaowazuia kuugusa unawafanyia kazi.

Wazazi watalalamika kuhusu nguo, na wengine wana haki, kwa sababu anayefua ni wao. Waambieni mapema, waombeni nguo moja chakavu ya kubaki shuleni, na siku ya kwanza waiteni waje wachimbe shimo la mchanga pamoja nasi. Mzazi aliyeshika sepetu nimewahi kumwona akilalamika mara chache sana. Na kama mnahofia wizi, wezi wa sufuria mbovu sijawaona bado.

Kikwazo ninachokiogopa zaidi kiko kwenu, na nitakisema kwa adabu lakini bila kuzunguka. Mwalimu anayewatoa watoto nje anahesabiwa kuwa hafundishi. Mkaguzi akipita, anauliza madaftari yako wapi. Mtoto aliyepima makopo mawili ya maji yakajaza ndoo moja hana daftari la kuonyesha, ana nguo iliyolowa. Kwa hiyo mwalimu mwenye akili anajilinda: anafunga mlango, anawakalisha, anawakaririsha. Nami nimefanya hivyo, miaka ambayo sikuwa na ubavu wa kubishana. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Fomu ya ukaguzi ingekuwa na mstari mmoja tu unaouliza watoto wamekaa nje dakika ngapi leo, walimu wangefungua milango wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni haya. Uwanja upewe mtu mmoja, kwa jina, na muda wa kuushughulikia utolewe katika ratiba yake, usiongezwe juu ya mzigo alionao. Bajeti iwe na kifungu kidogo cha kila mwaka cha kujazia mchanga, kamba na mbegu, kwa sababu mchanga hupungua, mwingi wake ukisafiri nyumbani ndani ya viatu. Mfadhili akija na michezo ya chuma na plastiki, aulizwe nani atakayeitengeneza ikivunjika, na jibu lisipopatikana ashukuriwe na aombwe alete mbao. Wachora ramani wasitandaze zege hadi ukutani. Na kabla ya kuamuru kitu kizolewe uwanjani, mtu aulize kwanza kama kuna anayekichezea.

Sisemi mfanye yote mara moja. Bustani iliyokamilika siku ya uzinduzi huwa imewamalizia watoto kazi yao. Anzeni na mchanga na maji, mkae mwezi mzima mkiangalia, ndipo mjue la kuongeza.

Mimi kwa upande wangu nimeshapata magogo manne ya kingo, na wazazi sita wamekubali kuja na majembe Jumamosi. Mbao zimepigwa msasa. Kilichobaki ni bomba la nje, ambalo lilifungwa kwa kufuli baada ya watoto kulowa msimu uliopita. Ufunguo wake uko kwenye droo ya ofisi, ya pili kutoka juu, umefungwa na utepe mwekundu. Naomba nipewe kabla ya Ijumaa.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa darasa la watoto wadogo